Mwanangu, hodi ni ya babu yako

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba tiketi ya Roma imetoka, na kwamba huko utakalishwa mbele ya watu ueleze hadithi yako uliitoa wapi. Nimefurahi. Mama yako ndiyo usiseme, habari imeshafika Gongoni. Lakini tangu siku hiyo usingizi umeniruka, na si kwa sababu ya ndege. Ni kwa sababu ya hilo swali.

Nakuomba ukifika pale useme hodi ni ya babu yako.

Hadithi ni yako, sibishi. Mgeni ametoka nyotani, ameshuka Ngomeni kushtaki kwamba amechunguliwa nyumbani kwake bila hodi. Wazee wanamkaribisha barazani, wanampa kahawa na tende, kesi inaahirishwa mpaka maji ya bamvua. Hayo umeyatunga wewe. Pale anapoulizwa ukoo wake ili ijulikane atakaa mkeka gani, nilicheka mpaka nikakohoa, mama yako akaja mbio. Nimeisoma na kuirudia. Hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kuandika kitu kikachapishwa, na mimi ni mwana wa mvuvi, najua uzito wake.

Ila ulipoulizwa swali hilohilo Nairobi, nilikusikia redioni ukisema ulivutiwa na "wazee wa kijijini wasioijua sayansi". Watu wakacheka. Mwanangu, neno lile limenikaa kooni hadi leo.

Roketi ya mwisho iliruka kule San Marco, lile jukwaa la Waitaliano la baharini hapa Ngomeni, Machi 1988, wewe hujazaliwa. Mimi niliziona. Ile ya Jumamosi, 12 Desemba 1970, ilirushwa siku nchi inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo maana setilaiti yenyewe ikaitwa Uhuru. Kabla ya siku hiyo kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa na kibarua kule alikuja barazani akaeleza vizuri kabisa: kuna mwanga unaofanana na ule wa eksirei ya hospitali, unatoka mbali huko nyotani, hewa yetu inauzuia, kwa hiyo chombo lazima kipande juu ya hewa ndipo kiuone. Babu yako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wenyewe huko wamepigiwa hodi?"

Baraza zima lilicheka, na aliyeanza kucheka ni yeye.

Hilo ndilo nataka ulishike. Mtu asiyeelewa hawezi kuuliza swali lile. Alielewa kwamba chombo kinakwenda kutazama, na akajiuliza anayetazamwa ana haki gani. Mji wetu wa Malindi una nguzo ya yule Mreno, Vasco da Gama, mpaka leo. Tangu 1498 pwani hii imekuwa ikitazamwa na watu wanaokuja na ramani zao. Babu yako alikuwa anaijua habari ya kuchunguliwa kuliko profesa yeyote. Ukimwita asiyejua, unawapa watu wa Roma kicheko cha bure, na hadithi yako mwenyewe unaiua. Kwani inachekesha kwa nini? Kwa sababu wazee hawashtuki. Mgeni ametoka mbinguni, nao wanamtendea kama wanavyomtendea mgeni yeyote aliyeshuka kwenye jahazi: kaa, kunywa kahawa, sema haja yako. Na kesi wanaiamua kwa haki. Ukishawaambia wasikilizaji kwamba hao ni wajinga, hakuna tena kesi wala haki, limebaki zogo tu.

Mambo ya setilaiti yaseme, ni ya kujivunia. Sema ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na mikono ya taifa jingine, na mikono hiyo ilikuwa ya Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio, hao hao wa Roma. Sema jukwaa liliwekwa kwetu kwa sababu tuko karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unaipa roketi msukumo. Sema orodha ya Uhuru ilifika vyanzo 339 vya mwanga ule, na kwamba habari zake ndizo zilizowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba kimoja chao, Cygnus X-1, ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkubwa hata mwanga hautoki ndani yake. Mgeni wako umemtoa kwenye orodha hiyo, na hapo nakusifu, umefanya kazi, hukubuni ovyo. Lakini usijifiche nyuma ya hesabu. Hesabu ulizikuta vitabuni ukiwa chuoni. Hodi uliisikia hapa nyumbani, huna hata jino la mbele.

Mama yako yuko hapa pembeni, anauliza ni nani aliyekuwa akikufukuza barazani usisikilize maneno ya wakubwa. Sijamjibu.

Roma mwezi huu ni baridi kali. Chukua lile koti la shangazi yako, usione haya kwamba ni kubwa. Usile kwa kusimama. Kiitaliano chako cha ufukweni usikitumie mbele za watu, maana kule Malindi wanasalimiana kihuni. Sema Kiswahili, wametafuta mkalimani kwa kazi hiyo. Na wakicheka sana, ngoja wamalize ndipo uendelee. Wewe una haraka, tangu zamani una haraka.

Wakikuuliza tena kama wazee walielewa, usitabasamu tu. Jibu.

Mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nimezungumza na mwalimu mkuu, amekubali kungoja kidogo. Ami yako ameshona jarife lake upya na anasema kolekole wamerudi, ingawa mimi sijawaona sokoni. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Paa la jikoni bado linavuja. Fundi wa makuti anataka nusu ya pesa kabla ya masika, la sivyo anakwenda kuezeka kwa watu Mambrui. Ukijaliwa chochote mtumie mama yako kwa simu, laini yangu ina matatizo.

Ukifika nipigie, hata iwe usiku. Na nipigie tena siku yenyewe, kabla hujaingia ukumbini, nikukumbushe lile neno.

Ni mimi,
Baba yako