Pingili 14 za Shingo ya Kuku

Nairobi,
Jumapili jioni.

Mpendwa Mwende,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza itakuwaje kuku na mamba wawe wa ukoo mmoja, ilhali mmoja anapinda shingo atakavyo na mwingine ni kama hana shingo. Mamba anayo, ila imefunikwa na misuli. Ina pingili 9. Wengine huhesabu 8, kwa sababu mbavu za shingoni mwake hurefuka kidogo kidogo hadi kuwa mbavu za kifua, na mpaka hauko wazi.

Kuku ana 14, mbuni 17, batamaji hufika 25. Twiga wa pale Lang'ata ana 7 tu, sawa na panya, sawa na wewe. Karibu mamalia wote wamefungwa na hiyo saba, kwa hiyo twiga alirefusha pingili zilezile. Dinosauri, wa ukoo huohuo wa kuku na mamba, walifanya yote mawili: walizidisha idadi na kurefusha. Giraffatitan, yule aliyechimbwa Tendaguru karibu na Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimama Berlin, ana pingili 13 za shingo, nyingine zikikaribia urefu wa mita moja. Mamenchisaurus wa China ana 19. Mifupa hiyo ingewalemea kama isingekuwa na mapango ya hewa, hewa iliyotoka kwenye vifuko vya mapafu kama ilivyo kwa ndege leo. Mifupa ya mamba haina hewa hiyo.

Lakini usiwaachie wanafunzi wako idadi peke yake. Waonyeshe viungo, maana humo ndimo mwendo ulimo. Pingili ya mamba ina kikombe mbele na tufe nyuma. Ya Giraffatitan imegeuzwa: tufe mbele, kikombe nyuma. Ya kuku haina tufe wala kikombe, ina umbo la tandiko la punda. Uso wake wa mbele umebonyea kutoka kushoto kwenda kulia, na umetuna kutoka juu kwenda chini. Wa nyuma ni kinyume chake. Pachika mbili pamoja uone zinavyoinama na kugeuka bila kuchomoka.

Kuku wa kuwaonyesha mnunue soko la Burma, wa kienyeji aliyekomaa, na useme mapema kichwa na shingo visikatwe. Muuzaji akikata kama kawaida, pingili ya kwanza huondoka na kichwa, nawe utahesabu 12 au 13 na kudhani vitabu vimekosea. Broila wa wiki sita hafai: mifupa ya mgongo ambayo ingekuwa imeungana bado imeshikwa na gegedu, na ukichemsha inaachana. Hesabu ukiwa bado na nyama, kuanzia fuvu hadi kabla ya ubavu wa kwanza unaochezacheza. Kisha chemsha kwa moto mdogo saa mbili hivi. Sufuria ya presha huilainisha mifupa kupita kiasi, na dawa ya klorini ya kufulia huila hadi ikawa unga. Safisha kwa mswaki, tunga kwenye waya kwa mpangilio palepale, kisha loweka siku moja kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa.

Pingili nyingi za shingo ya kuku zina vijiti viwili vyembamba vinavyoelekea nyuma. Hizo ni mbavu, zimegandana na mfupa. Kwa mamba mbavu hizo ziko huru na zinalaliana kama vigae, ndiyo maana mamba wa bustani ya nyoka pale Makumbusho hawezi kugeuza kichwa autazame mgongo wake.

Mgongoni kuku amekwenda njia nyingine kabisa. Pingili nne za kifua zimeungana kuwa mfupa mmoja, inafuata moja iliyo huru, kisha nyingine nyingi zimeshikana na nyonga. Mkia umeishia kifupa kimoja bapa, wakati Archaeopteryx, ndege wa kale wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, bado alikuwa na mkia wa pingili zaidi ya 20. Mgongo mgumu hufaa kuruka. Na kwa kuwa mikono imekuwa mabawa, kazi ya kuokota na kujisafisha imeangukia shingo.

Hiyo pingili ya kwanza ya shingo ni pete ndogo kuliko punje ya hindi. Usimwage supu kabla hujaichuja.

Wako,
Otieno