Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa saluni ya kucha

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu umeniambia "dada, mi miaka 28 nishachelewa kusomea urubani, na Kiingereza chenyewe sijui," nikanyamaza, sio kwamba sikuwa na la kusema, nilikuwa namuwaza Bessie Coleman, yule rubani mweusi wa Marekani wa zamani, nikaona bora nikuandikie hapa hadharani na wenzako wa saluni wasome.

Bessie kazaliwa Texas mwaka 1892, familia ya weusi yenye watoto 13, kakua anachuma pamba. Mwaka 1915 akahamia Chicago akapata kazi saluni ya wanaume, na kazi yenyewe ni kucha! Yaani kama wewe kabisa, kashika mkono wa mteja, tupa ya kucha mkononi, anasugua huku anasikiliza stori za watu. Kaka yake John alikuwa katoka vitani Ufaransa, akawa anamcheka kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege, nyie hamuwezi. Kama mjomba alivyokucheka siku ile uliposema unataka urubani, na mi sijasahau ulivyoinamia sahani yako bila kula.

Basi Bessie akaanza kutafuta shule, Marekani wakamkataa, mweusi halafu mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Sasa hapa soma taratibu: alianza na lugha kwanza! Kazi ya kucha huku, Kifaransa huku, hela anadunduliza, na wenye uwezo wakamwongezea. Novemba 1920 akapanda meli. Alikuwa na miaka mingapi? 28.

Akajifunzia Le Crotoy, kwenye ndege za Nieuport za mbao na kitambaa, na tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani. Akarudi kwao akawa anafanya maonyesho ya angani, mwaka 1923 akaanguka California akavunjika mguu, akapona akarudi tena hewani. Na pale Waxahachie, mji aliokulia, aligoma kuruka mpaka weusi na weupe wapite geti moja.

Mwisho wake sikufichi maana utautafuta mwenyewe. Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, fundi wake ndo anaendesha, yeye hajafunga mkanda ili aweze kuchungulia chini pa kurukia na parachuti, spana iliyosahaulika ikakwama kwenye mitambo, ndege ikapinduka akadondoka. Miaka 34, na ile shule ya urubani aliyotaka kuwafungulia weusi wenzake hakuifikia. Kila nikifika hapo machozi yananitoka. Ila mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, alibeba picha ya Bessie.

Jumamosi nakuja saluni, niwekee nafasi ya mwisho. Utanipaka ile rangi ya damu ya mzee, na muda wote huo tunaongea Kiingereza tu, ukikosea endelea. Daftari nakuja nalo.

Dada yako.