Mama mkwe anasema nimempa mwanawe dawa

Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Mama mkwe amelala sebuleni, na neno lake halinitoki masikioni: "Amempa mwanangu dawa." Alilisema wodini, wagonjwa na wauguzi wakisikia. Unajua neno hilo lina maana gani kwetu.

Ndiyo, nilimpa. Lakini si dawa anayoifikiria yeye. Gauti ilimrudia mume wangu, kidole gumba cha mguu kikavimba hata shuka haiwezi kukigusa. Nikaenda kemisti hapa Umoja, nikauziwa alopurinoli. Hakuna aliyeniuliza anatumia dawa gani nyingine. Ningejuaje? Miaka miwili anameza azathioprini ya vidonda vya utumbo mpana, damu inapimwa kila miezi mitatu, majibu mazuri. Anayemkumbusha tarehe ni mimi, si mama yake.

Wiki ya tano ikaja homa, vidonda mdomoni, ufizi ukivuja damu. Chembe nyeupe za damu, ambazo hazifai kushuka chini ya elfu 4, zilikuwa 900. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine. Mume alikuwa anaweweseka. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, ametoka kusema neno lile. Nikanyamaza. Siku mbili, Shangazi.

Siku ya tatu nilimfuata daktari kwenye korido nikamwambia yote. Akasimamisha dawa zote mbili. Alisema alopurinoli huzuia mwili kuivunja azathioprini, inarundikana mpaka uboho unashindwa kutengeneza damu. Zikilazimika kutumiwa pamoja, azathioprini hupunguzwa hadi kama robo. Nilimsihi aniachie nimweleze mume mwenyewe.

Sijamweleza. Chembe zimepanda, yuko nyumbani, lakini amekataa dawa yoyote ya utumbo, anasema ndiyo ilitaka kumuua. Jana choo kilikuwa na damu tena. Nikaona, nikanyamaza.

Namtaka mama mkwe arudi kwao kesho. Halafu nikifikiri ataondoka akiamini nimempa mwanawe dawa, nataka abaki mpaka alifute neno lake mbele yangu. Mimi nimemwosha mwanawe, nimekesha naye.

Kliniki ni Alhamisi, na mama mkwe amesema lazima aje. Nimwambie mume kabla ya siku hiyo, au nimwachie daktari? Na zile siku mbili, nazo nizitaje?

Mke wa mtu,
Umoja, Nairobi