Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Wakulima wa Matunda

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi naanza na embe.

Wengi wetu tunaishi mjini Dar es Salaam, na mashamba yetu ya Chanika, Kisarawe na Mkuranga tunayaona Jumamosi. Nzi wa matunda wako huko siku zote saba. Mnunuzi wa Buguruni akikata embe moja akakuta funza, tenga zima limekudodea.

Nzi huyu ni mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akawa ameshaingia kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walimfuatilia wakaona alivyowazidi nguvu nzi wa asili kwenye maembe, na kwamba maembe yakiisha halali njaa: anahamia kwenye mapera. Hata miti yetu ya kivuli, ile mikungu, humlea.

Tulipokosea ni kwenye mitego. Tuliweka chambo cha methili yujenoli, ikajaa nzi, tukashangilia. Kumbe chambo kile huvuta madume tu. Majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutoboa matunda na kutaga. Jike huvutwa na chambo cha protini, nacho hakifui dafu ikiwa maembe yaliyoanguka yanaachwa chini ya mti. Funza hutoka humo, hujichimbia udongoni, huibuka nzi. Yafukieni kina cha nusu mita, au yafungeni kwenye mfuko mweusi myaanike juani. Mimi mwenyewe msimu uliopita niliyaacha wiki mbili kwa ajili ya msiba. Jirani yangu, anayeokota yake kila siku, akavuna nzi wangu. Nilimwomba radhi shambani. Naomba tena hapa mbele yenu.

Halafu wale maji moto, sisimizi wa kwenye miembe. Najua wanavyouma, na wachumaji wanadai nyongeza. Lakini watafiti wamethibitisha kwamba nzi hukwepa kutaga kwenye embe walilopita maji moto. Acheni kuchoma viota vyao.

Wasomi nao nina neno nao: wanatupima miti, kisha majibu yanaandikwa kwa Kiingereza. Kamati itaomba mwanafunzi aje atueleze kwa Kiswahili shambani, nauli na chakula juu yetu.

Wenye deni la ada walipe kabla ya Novemba. Mitego tutaiweka mashamba yote kwa siku moja, likiwemo la asiyelipa, na bili yake nitaipeleka mwenyewe nyumbani kwake.