Shukrani kwa kaka mwenye chenso (msumeno wa mashine), Makorora

Kaka yangu, jina lako sikulipata. Wanaokufahamu hapa Tanga naomba wakufikishie salamu hizi.

Usiku ule wa upepo wa masika mwarobaini wetu ulipasuka, tawi kubwa likalalia paa la chumba cha mama. Majirani walishashika mapanga. Wewe ukawazuia, maana waya wa umeme ulikuwa umenasa kwenye majani mabichi. Ukasimama na tochi getini, hukuruhusu hata mtoto kusogea, mpaka TANESCO walipokata umeme. Ndipo ukapanda. Ulianza kukata kidogo kwa chini, kisha kwa juu, ili tawi likianguka lisichune gome la shina, na kila kipande ukakishusha kwa kamba taratibu. Mama alitoka salama, alhamdulillahi.

Wengi walitaka mti ung'olewe kabisa. Ukasema mizizi haijalegea, tuuache, na kidonda tusikipake rangi wala oili chafu, mti utakifunika wenyewe. Sasa umechipua.

Pesa ulikataa, ukaomba maji ya kunywa tu. Mungu akuzidishie, ailinde mikono yako. Mama anakuombea kila swala. Ukipita Makorora, nyumbani ni kwako.