Askari wa Vita vya Kagera waliorudi wahojiwe wangali hai

Mhariri,

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka kwa heshima askari waliotangulia mbele ya haki, wakiwamo waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Wanastahili. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee askari wa kawaida waliorudi na ambao wangali nasi katika vijiji vya Rungwe, Njombe na Mufindi, kwa maana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 sasa amekwisha kuvuka 65.

Baba yangu mkubwa ni mmoja wao. Aliitwa vitani akiwa mgambo, baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Alivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kwenda kwa miguu hadi Masaka na kuendelea, kama walivyokwenda askari wengi wa vita vile. Aliporudi alikuta shamba la migomba limemezwa na magugu, sabuni na sukari zimeadimika, na wananchi wametakiwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Katika shida ile hakuna aliyepata utulivu wa kumuuliza aliona nini. Sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na mizinga, na mama mkubwa alitukataza sisi watoto kumwamsha kwa kumshika. Tulimwita kutoka mlangoni, kisha tukasubiri.

Kwa kuwa mgambo hakuwa mwajiriwa wa kudumu, vita vilipokwisha alirudi kwenye jembe. Miaka mingi baadaye alikwenda katika ofisi moja kuulizia haki zake. Aliulizwa namba yake ya jeshi, akaitaja bila kusita, lakini akaambiwa alete karatasi, na karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Sisemi kwamba kila anayedai alipigana aaminiwe hivi hivi. Uhakiki ni lazima. Hata hivyo, mtu asiye na karatasi bado ana wenzake wa kikosi wanaoweza kumthibitisha, na kila msiba unapotokea mashahidi hao wanapungua.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu, kupitia watendaji wa kata na washauri wa mgambo wa wilaya, ziwaorodheshe wazee hawa sasa. Walimu wa historia nao wawatume wanafunzi wao wakawarekodi kwa simu, na wazee waachwe waeleze kwa Kinyakyusa, Kibena au Kihehe wakipenda, kwani wengine mambo mazito huyatamka kwa lugha ya nyumbani tu. Wasiulizwe habari za mapigano pekee. Waulizwe walikula nini, walilala wapi, wenzao waliokufa walizikwa na nani. Wake zao pia waulizwe walivyolima na kulea peke yao wakati habari za waume zao hazifiki. Nakala zihifadhiwe katika maktaba za mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako mtafiti na mjukuu wataweza kuzipata.

Nawe, Mhariri, nakuomba utenge nafasi kila wiki kwa simulizi moja ya askari wa namna hii. Kwa kata yetu, niko tayari kuanza kazi hiyo mwezi huu.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe