Barua kwa Babu kutoka Granada

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote hapo Kilwa mu wazima. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Uliniuliza Waislamu wa mji huu wa Granada, hapa Hispania, waliishia wapi. Habari yao ni ndefu, haimaliziki kwa simu.

Mji huu, Babu, ulitolewa kwa mkataba. Ulitiwa saini Novemba 1491, na tarehe 2 Januari 1492 Sultani Abu Abdallah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, akaukabidhi kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella, watawala Wakristo wa Hispania. Ukiyasoma masharti utashangaa: misikiti ibaki, kadhi aendelee kuhukumu kwa sharia, asilazimishwe mtu kubadili dini. Wayahudi wa Granada nao walitajwa humo, lakini hata miezi mitatu haikutimia, ikatoka amri ya kuwafukuza.

Waislamu walipata nafasi ya kupumua miaka saba hivi. Askofu mkuu wa kwanza, Hernando de Talavera, alitaka kuwavuta kwa upole na akawahimiza mapadri wajifunze Kiarabu. Mwaka 1499 akaja Cisneros, askofu mkuu wa Toledo. Watu wakabatizwa kwa nguvu, vitabu vya Kiarabu vikachomwa katika uwanja wa Bib-Rambla, vikasalimika vya tiba. Wakazi wa mtaa wa Albaicín walipoinuka, watawala wakasema: mmeasi, mkataba umevunjika. Hapo ndipo ninapoumia, maana aliyeuvunja ndiye aliyewashitaki wenzake kuuvunja. Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wote wa Castilla, ambao Granada ilikuwa sehemu yake, wakaambiwa wabatizwe au wahame.

Wengi walibatizwa wakabaki na dini yao moyoni. Utapenda hili: mwaka 1504 mufti mmoja mwenye asili ya Oran, Algeria, aliwaandikia fatwa ya kuwafariji, kwamba wasali hata kwa ishara, na watayamamu, yaani wajitwaharishe bila maji, hata kwa kupangusa mikono ukutani.

Lakini jicho la serikali liliingia mpaka majumbani. Amri ya 1567 ilikataza Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao, na milango iachwe wazi siku ya Ijumaa ili waonekane wanafanya nini. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa, Francisco Núñez Muley, aliandika kuwatetea: Wakristo wa Malta na Jerusalem husema Kiarabu, kwani Ukristo wao umepungua? Hakusikilizwa. Uasi ukazuka 1568, wakashindwa, na kuanzia 1570 wakatawanywa sehemu nyingine za Castilla. Kati ya 1609 na 1614 watu wapatao 300,000 wa asili hiyo walifukuzwa Hispania nzima, wengi wakaishia Morocco, Algeria na Tunisia.

Msikiti mkuu wa Albaicín sasa ni kanisa la San Salvador, ila ua wake wa zamani upo. Mimi Ijumaa husali katika msikiti mpya uliofunguliwa mtaani humo 2003.

Na hili linatuhusu sisi, Babu. Francisco de Almeida, yule Mreno aliyeiteka Kilwa Julai 1505, akamweka sultani amtakaye na kujenga ngome Kisiwani, alikuwa amepigana vita vya Granada. Wareno waliondoka kwetu 1512. Wazee wako walikusimulia nini juu ya miaka ile? Mwambie Shangazi akurekodi kwenye simu yake anitumie, hata kama ni maneno machache.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote. Nakuombea afya njema.

Mjukuu wako